Kuupeleka Upanga wa Shomari Kariakoo

Niliondoka Lindi kwa sababu upanga wa Shomari ulikataa kutoka kwenye ala yake, na Shomari alikuwa anarudi Ijumaa.

Shomari ni rafiki yangu, anafanya kazi kwenye meli za mizigo. Upanga wenyewe si wa vita. Ni mfano wa zile panga za katuni za Kijapani, anime, tulizokuwa tukizitazama kwenye banda la video tangu nilipoacha shule. Una chuma cha kweli kisichonolewa, mpini uliosukwa kamba za zambarau, na ala ya mbao nyeusi inayong'aa. Aliununua kwa mshahara wake wa kwanza. Alipoondoka aliniachia mimi, mtu niliyeishi Masasi, Kilwa, Songea na kwingine, na ambaye hakuna aliyewahi kumwachia hata kuku.

Masika yalipoanza niliona vidoa vya kutu. Nikafanya anachofanya mtu wa pwani kwa nywele, bawaba na mtoto mchanga: nikaupaka mafuta ya nazi. Mengi. Mengine nikayamimina ndani ya ala. Baadaye kidogo ukakwama. Seremala wa mtaani alishauri tuipasue ala, nikamshukuru na kuondoka nao. Nikauliza kwenye kundi letu la simu la wapenda panga za katuni. Nassor wa Dar akajibu, "Usiupige, usiupasue. Ulete."

Alfajiri, stendi ya Lindi. Nilikuwa nimeuviringisha kwenye kanga na kuusukuma ndani ya bomba la plastiki la maji taka. Konda aliliangalia akasema, "Fundi bomba, hilo liende kwenye buti." Sikumkatalia ufundi.

Baada ya kupita daraja la Rufiji, tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alifungua buti, akaligonga bomba, akasikia kitu ndani.

"La nani hili?"

"Langu, afande. Ni upanga wa katuni."

Abiria wakachungulia madirishani. Akautoa, akaugeuzageuza. "Uchomoe niuone."

"Hauchomoki, afande. Ndiyo maana nausafirisha."

Alijaribu mwenyewe. Akavuta, akaubana kwa magoti, akavuta tena mpaka kofia ikaenda upande. Mwishowe akanirudishia. "Nenda na ugonjwa wako," akasema, na dereva akawasha gari kabla hajabadili mawazo.

Alasiri, Kariakoo. Hapo ndipo nilipojua nimechagua bomba vizuri. Katikati ya wabeba marobota, mikokoteni na mabeseni yaliyopangwa mpaka barabarani, hakuna aliyenishangaa. Mtu mmoja tu alinishika bega.

"Mambo?"

"Poa."

"Bomba la inchi ngapi hilo? Unauza?"

Nikamwambia limeshachukuliwa, nikavuka kuelekea Mchafukoge.

Nassor ana duka la mapazia, na anaishi ghorofani juu yake na mama yake, Bi Zuwena. Ni watu wa ukoo wa Kiarabu waliokaa mjini vizazi na vizazi. Bi Zuwena alikuwa sebuleni anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Na wewe una ugonjwa wa mapanga?"

"Kidogo, mama."

"Babu yake Nassor alikuwa na jambia la fedha. Likauzwa. Mjukuu ananunua mapanga ya watoto wa televisheni."

"Hiyo ni sanaa, mama," Nassor akasema.

"Sanaa gani inalala kwenye kiyoyozi, na mama yako analala na feni?"

Ilikuwa kweli. Chumba cha panga kilikuwa baridi kama duka la nyama. Panga zimelazwa kwenye vishikio ukutani, na katikati yake kuna mabakuli ya vile vipakiti vyeupe vya kukausha unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wa Kariakoo huvitupa, Nassor huviokota. Aliniambia hewa ya pwani ina chumvi, na chuma hakiipendi. Akashauri upanga wangu ulale humo, unyevu utoke, mbao isinyae. Nilipata usingizi mzuri usiku huo kwa mara ya kwanza tangu ulipokwama.

Asubuhi tulivuta wawili, mmoja ala, mmoja mpini. Jana yake ulikuwa unatikisika kidogo. Sasa ulikuwa kama umejengewa kwa saruji. Kamba moja ya mpini ikaanza kulegea na Nassor akaachia haraka. Uso wake ulibadilika. Alisema taratibu kwamba labda seremala alisema kweli. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa naona uso wa Shomari akipokea ala iliyopasuliwa na kugundishwa.

Bi Zuwena akasimama mlangoni. "Mliupaka nini?"

"Mafuta ya nazi, mama."

"Kisha mkaulaza kwenye baridi." Alitutazama kama watu waliopika wali bila maji. "Chupa ya mafuta ya nazi ikiganda kwa baridi mnafanyaje? Mnaivuta?"

Nassor akafunika uso kwa mkono.

Mama akaleta chetezo chake cha kufukizia nguo, na kile kitanda kidogo cha miti anachotandika kanzu juu yake. Akaweka makaa machache, akatupa kipande cha udi. "Moshi bila udi ni wa jikoni," akasema. Tukaulaza upanga juu, mbali na makaa, nikawa naugeuza pole pole kama muhindi, nikipapasa ala isizidi joto. Tulikunywa kahawa. Mafuta yakaanza kuchuruzika mdomoni mwa ala, ya njano, yananuka uvundo.

"Sasa," Bi Zuwena akasema. "Kwa adabu."

Nikavuta kwa vidole. Ukatoka. Hakukuwa na mlio wala kishindo, ulitoka tu, kama droo. Nikacheka peke yangu, na Nassor akanipiga mgongoni hadi kahawa ikamwagika.

Kwenye basi la kurudi, bomba nililiweka miguuni na sikuliangalia kila dakika. Nassor alinifundisha kuufuta kwa kitambaa kikavu, kuupaka mafuta ya cherehani kwa kiasi cha kung'aa tu, na kutogusa chuma kwa vidole, maana jasho nalo lina chumvi. Ndani ya ala, usitie kitu. Mimi nilidhani kutunza ni kuongeza. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kufuta.

Ijumaa Shomari alifika. Aliuchomoa, akautazama kwa muda, akaona kidoa kimoja karibu na mpini ambacho hakikutoka. Nikamweleza yote, nazi, askari, kiyoyozi. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaurudisha kwenye ala, akauchomoa tena, akaurudisha.

"Nimepata meli nyingine," akasema. "Safari hii ni ndefu." Akaulaza magotini pangu.

Nilikuwa nimepanga kuhamia Mbamba Bay kabla ya mwisho wa mwezi. Kesho yake nilimfuata mwenye nyumba nikamwambia chumba bado nakihitaji.