Kona Kumi na Tano za Honora

Honora Cullinane alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote, na mdomo mwepesi zaidi ya mkono. Karakana yetu pale New York ilichapa picha za wagombea urais kwa wino mweusi, nasi wanawake tukazipaka rangi. Karatasi ilipita mezani mkono hadi mkono: Honora alipaka nyuso, mimi bendera, Walburga Ziegler makoti. Mwaka ule wa 1876 bosi alibuni ujanja. Jiwe la kuchapia lilikuwa na mwili mmoja. Kichwa kikifutwa, kinachorwa kingine. Wiki hii tunapaka Tilden, wiki ijayo mpinzani wake Hayes, koti lilelile.

Honora, Mwairishi wa damu, alimtaka Tilden. Walburga, Mjerumani mwenye mwili wake, alimtaka Hayes. Wakawekeana dau: atakayeshindwa amsukume mwenzake kwenye toroli, Jumamosi mchana, kutoka karakana hadi kanisani kwa kina Honora. Kona kumi na tano.

"Kula ushibe, Walburga, upate nguvu za kunisukuma," Honora akasema.

"Nimekula tangu nizaliwe, mwenzangu. Ngoja uinue hiyo mishikio, ndipo utajua."

Kura zikapigwa, na mshindi hakujulikana. Kila chama kilidai kimeibiwa. Miezi minne! Wale wawili wakanuniana, na mimi niliyekaa katikati nikawa tarishi.

"Mwambie huyo mama anipitishie maji."

"Mwambie amwombe Tilden wake."

Honora akaanza kumpaka Hayes pua nyekundu ya mlevi. Walburga akamtia Tilden viraka kotini. Bosi alifoka mpaka sauti ikamkauka, kisha akagundua wapinzani wa kila mgombea wanagombania kuzinunua picha hizo, akawaacha waendelee.

Lakini Honora alikuwa na hofu, aliniambia mwenyewe. "Mtaa mzima unanijua kwa majigambo. Padri atakuwa mlangoni. Nikifika pale nimeinama kama punda, nitaficha wapi uso?"

Mwezi Machi uamuzi wa tume ya watu kumi na tano iliyoundwa na Bunge ukatangazwa. Wanane kwa Hayes, saba kwa Tilden.

"Na Tilden ndiye aliyepigiwa kura nyingi na wananchi!" Honora akalia, machozi yakamwagikia picha iliyokuwa mbele yake. Nilimhurumia sana.

Hata hivyo Jumamosi alikuja. Walburga akapanda toroli, kofia yake ina manyoya marefu. Honora akainua mishikio, magurudumu yakalia, watu wakamiminika barabarani.

"Honora! Umebeba Ikulu nzima!"

"Funga mdomo wako, nitakurudia wewe!" akajibu, jasho likimtiririka.

Kona ya nane Walburga akapiga ubao kwa kiganja. "Simama." Akashuka, akajikung'uta sketi. "Panda."

"Sitaki huruma yako. Nimeshindwa, basi."

"Huruma gani? Wanane walisema Hayes, saba wakasema Tilden. Kona nane zako, saba zangu. Panda kabla sijabadili mawazo."

Honora alimkodolea macho, halafu akaangua kicheko, akapanda. Watu wa mtaa wake wakamwona akija ameketi wima, anapunga mkono kushoto na kulia, na Walburga nyuma anatweta, kofia imeanguka sikioni. Padri akamvulia kofia.

Jumatatu nilikaa mahali pangu, katikati yao. Kutwa nzima walipiga soga juu ya kichwa changu, hakuna aliyenituma neno.