Aya ya Tatu ya Risala

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tunduma, Mkuu wa Shule alinipokea mlangoni na maneno ambayo sijayasahau. "Madam Kibona," akasema, "Kiingereza usihangaike nacho sana. Watoto wa hapa wanakiokota mpakani bure. Wewe wafundishe kunyamaza." Mimi ni Mndali wa Ileje, baba yangu alikuwa mwinjilisti, na nyumbani kunyamaza ilikuwa nusu ya ibada. Lakini somo hilo mwenyewe sikuwahi kulifaulu, sasa ningelifundisha vipi?

Nikaingia Kidato cha Tatu. Wakasimama, wakanisalimu kwa Kiingereza, na mmoja wa nyuma akaongezea "mulishani" ya Kibemba, utadhani nimekuja kuuza dagaa. Mada ilikuwa maandishi yasiyo ya kubuni, yaani habari za kweli: wasifu wa mtu, ripoti, hotuba, insha ya jambo lililotokea. Nikaeleza kwa madaha karibu kipindi kizima. Kijana mmoja, mtoto wa muuza vitenge, akanyoosha mkono.

"Madam, bei ya kwanza anayotaja muuzaji ni ya kubuni au ya kweli?"

Nikaona nisishindwe siku ya kwanza. Nikamwambia ile ni mubalagha. Mubalagha ni ile tamathali ya kutia chumvi: unalikuza jambo kupita kiasi ili msikilizaji alihisi.

"Na bei ya mwisho?"

"Hiyo ndiyo habari ya kweli."

"Basi Madam hujanunua kitenge Tunduma," akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana kitenge nilichovaa nilikuwa nimekinunua juzi yake.

Vijana mnaofundisha leo mna simu inayowaletea maana ya sitiari kabla hamjamaliza kuuliza. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja kwa dawati, mara nyingine kwa mkondo mzima, na mifano yake ilitoka nchi ambazo hata mwandishi nadhani hakufika. Kwa hiyo mifano nilitunga mwenyewe. Tashibiha, kufananisha kwa neno "kama", tuliifanyia mazoezi kwa malori yaliyopanga foleni kuelekea Zambia. Sitiari, kufananisha bila "kama", tuliifanyia kwa walimu, na hapo ilibidi niwe mkali. Kwa habari za kweli nilikuwa na swali moja tu, nikiliandika kwa wino mwekundu pembeni ya kila sentensi yenye shaka: Ulijuaje? Mtoto akiandika "watu wote walifurahi", namuuliza, ulijuaje? Uliwauliza wote? Haikupita muhula wakanibatiza Madam Ulijuaje, jina lililonifuata mpaka sokoni.

Baada ya miaka kadhaa Afisa Elimu akaniita. "Madam, unahitajika bondeni," akasema. Kwa lugha ya ofisi, kuhitajika maana yake ni kuhamishwa. Nikapelekwa kwenye shule moja ya kata huko chini, upande wa Kamsamba, kwenye mpunga na ng'ombe. Mtu wa Ileje aliyezoea kulala na blanketi mbili akipelekwa kule mwezi wa kumi, jamani, anamkumbuka Mungu. Wiki ya kwanza nilifundisha nikiwa nimesimama mlangoni.

Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa sababu ng'ambo ndiko kijiji kilikotoa eneo bure. Kijiji, duka, zahanati, wanafunzi wengi na walimu wote tulikuwa upande huu. Kiangazi mto ule ni mchanga mtupu, unavuka na viatu vyako vinang'aa. Masika unajaa, hauna daraja, na anayevuka anavuka kwa miguu na kwa sala. Wavulana walivumilia. Wasichana mmoja mmoja waliacha shule, maana wazazi waliogopa, na sikuwahi kuwalaumu. Dawa yake ilijulikana: hosteli ya wasichana, palepale shuleni ng'ambo. Kuta zilikuwa zimeshasimama hata kabla sijafika. Paa halikuwapo, na mbuzi walikuwa wameshaamua kuwa lile ni jengo lao.

Mkuu wa Shule wa pale alikuwa mtu mwema, msafi, tai shingoni hata katika joto lile. Alikuwa na hofu moja tu maishani: kuonekana analalamika. Kila mwaka kwenye mahafali ya Kidato cha Nne husomwa risala, ile hotuba ambayo wahitimu humwandikia mgeni rasmi kumweleza mafanikio ya shule na changamoto zake. Risala ya pale ilikuwa ileile miaka yote, wakibadilisha mwaka tu. Kuhusu hosteli ilisema: "Ujenzi unaendelea vizuri." Nilipoisoma mara ya kwanza kalamu nyekundu iliniwasha vidole.

"Mkuu," nikamwambia, "ujenzi unaendelea wapi? Wanaoendelea pale ni mbuzi."

"Madam, mgeni haalikwi akalishwe shida. Anaalikwa ale, afurahi, aondoke."

Sasa katika darasa langu la Kidato cha Nne kulikuwa na binti aitwaye Nambeye. Alikuwa hodari wa kuandika, tena mbishi, na mimi wabishi nawapenda. Siku moja nikamkuta amekaa nje ya darasa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia mdogo wake, Tumaini, aliyekuwa Kidato cha Kwanza, hatamaliza mwaka unaofuata. Baba alikuwa ameshatamka: mvua zikianza kabla hosteli haijaezekwa, Tumaini anabaki nyumbani, basi. "Na baba akisema amesema, Madam. Mimi alinivumilia kwa kuwa nilikuwa mrefu, maji yalinifika kifuani. Tumaini ni mfupi."

Yale maneno ya mwisho yaliniuma. Nikamwambia mwaka huu risala ataandika yeye, kama zoezi la darasa, kwa kanuni za habari za kweli, na tamathali atumie pale tu zinapousaidia ukweli uonekane. Akaandika. Aya ya kwanza shukrani, ya pili mafanikio. Aya ya tatu ilisema, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba wasichana wa shule hii mwezi wa pili huvaa khanga kuukuu majini, na sketi ya shule huivaa kichwani. Nikatafuta pa kuandika "ulijuaje", nikakosa.

Tatizo likawa Mkuu, maana risala lazima aipitie. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Madam, hii aya ya tatu inatoka."

"Mkuu, hiyo ni tamathali tu. Mapambo ya lugha. Wageni wasomi wanapenda."

Akanitazama. Akaisoma tena. "Ni mapambo?"

"Mapambo."

"Na ni kwa Kiingereza," akajiliwaza. "Wazazi hawataelewa." Akatia sahihi. Msinihukumu, tafadhali. Kuna siku mwalimu wa lugha lazima aitumie lugha.

Mahafali yakafika, kiangazi kikali, mto mkavu kabisa. Mgeni rasmi, ofisa mmoja wa wilayani mwenye kicheko kikubwa, alivuka na gari lake bila hata kujua kuwa amevuka mto. Akapokelewa kwa ngoma, akavishwa shada, akakaa chini ya turubai. Nambeye akasoma. Wazazi walipiga makofi kila alipopumua, kwa adabu, wala hawakuwa wanaelewa neno. Alipofika aya ya tatu, mgeni rasmi akaanza kutabasamu. Aya ilipokwisha akacheka kabisa, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Hongera sana, binti," akasema kwa Kiswahili. "Sketi kichwani! Hiyo inaitwa mubalagha. Mwalimu wenu wa Kiingereza yuko wapi? Anafanya kazi nzuri sana. Hata huo mto wenu sikuuona, nilipita mchanga mtupu."

Mkuu akanitazama kwa furaha kubwa, kama mtu aliyeponea. Nami nikainama kushukuru, ningefanya nini? Lakini Nambeye hakuendelea kusoma. Akaishusha karatasi, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila mtu asikie:

"Samahani, mheshimiwa. Mubalagha iko aya ya pili, pale tuliposema maktaba yetu ni bahari ya vitabu. Aya ya tatu ni kweli tupu. Tunavuka hivyo."

Mama mmoja aliuliza aya ya tatu inasemaje, jirani yake akaomba itafsiriwe, na Nambeye akaitafsiri, sketi na yote. Ndipo wazazi wakaanza kuguna na kutikisa vichwa kwamba ndiyo, ndivyo hasa. Mgeni rasmi hakucheka tena. Akamgeukia Mkuu wa Shule.

"Mkuu, ni kweli?"

Jamani, nilimwonea huruma mtu yule. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai. Angeweza kusema mtoto amekosea, na Nambeye angemaliza shule akiwa mwongo mbele ya kijiji kizima, na Tumaini angebaki nyumbani. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa Kindali, lugha ninayoitumia mambo yakiwa mabaya kweli. Mkuu akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. Kisha, sijui ni shetani gani au malaika gani aliyemsukuma, akaongeza, "Hata mimi. Suruali yangu huwa naivua, naivaa kichwani."

Ninyi mliokuwa hampo mmekosa. Kijiji kizima kilimwona Mkuu wao, tai shingoni, suruali kichwani, katikati ya mto. Kina mama walishikana wasianguke. Wazee waliofiwa juzi walicheka. Mgeni rasmi mwenyewe alijikaza, akashindwa, akafuta macho kwa shada. Alipotulia akamwomba Mkuu ampeleke kwenye hosteli. Wakatembea wote wawili mpaka pale, wakawakuta mbuzi. Hakutoa ahadi yoyote. Alikula pilau yake na akaondoka, na Mkuu akanijia akiwa na sura ya mahakama.

"Madam, mapambo, eh?"

"Nisamehe, Mkuu."

"Najiandaa kuhamishwa," akasema. "Na wewe ujiandae. Nitahakikisha tunakwenda wote."

Hatukuhamishwa. Kabla ya mvua lori likaja na bati na mbao, na fundi aliyewatoa wale mbuzi kwa shida sana. Baba yake Nambeye alikuja mwenyewe kukagua, akagonga kuta, akatazama juu kwenye paa kwa muda mrefu, akauliza mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje. Akaonyeshwa. Akaondoka, na Jumapili akamleta Tumaini na godoro.

Nimestaafu sasa, naishi Mpemba, karibu na Tunduma, nasikiliza malori ya Zambia kama wengine wanavyosikiliza redio. Walimu wa mazoezi huja kunitembelea, wengine kwa heshima, wengine kwa ndizi zangu. Huniuliza tamathali zina faida gani kwa mtoto atakayelima mpunga. Huwaambia mtoto afundishwe kutia chumvi na kujua anapotia, ili siku akiwa hajatia aweze kusimama na kusema hivyo mbele ya mkubwa. Wananitazama kwa huruma kidogo. Wakiniuliza ni kipindi gani nilichokifurahia kuliko vyote, huwasimulia kile ambacho sikukifundisha.

Ilikuwa Jumatatu, mvua kubwa ya kwanza ya msimu ule. Mkuu na mimi tulifika mtoni asubuhi, tukakuta maji yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na hata khanga kuukuu isingesaidia. Tukasimama na miavuli yetu. Ng'ambo, kupitia mvua, tukaona wasichana wanatoka hostelini kwa mstari. Hapakuwa na mwalimu hata mmoja. Tumaini, mfupi kuliko wote, ndiye aliyekuwa mbele, akishika kamba ya bendera. Akaipandisha, na wakaimba wimbo wa taifa mpaka mwisho, kisha wakaingia darasani.

Mkuu alikuwa amesimama mguu sawa kwenye tope, mwavuli chini, analowa. Nami nilikuwa nimesimama vilevile, na nilikuwa nalia, sifichi. Mlango wa darasa ulipofungwa akaokota mwavuli wake.

"Madam," akasema, "leo watoro ni sisi."