Vidole vya Hester Trumbauer

Hester Trumbauer alifuma soksi katika kiwanda kimoja cha Kensington, Filadelfia, mpaka majirani wakamkatia tamaa ya kuolewa. Ndipo seremala Silas Overpeck alipomposa, na Hester hakutaka kingine duniani.

Mdogo wake, Amos, alikuwa mchoraji. Tangu aanze kuingia chumba cha maiti cha chuo cha sanaa, kupasua na kujifunza misuli, alikuwa hashikiki kwa majivuno. Alimtazama mtu kama mchinjaji anavyomtazama ndama. Zawadi yake ya harusi ingekuwa picha ya bibi harusi.

"Vidole vyangu vipunguze kidogo," Hester alimwambia alipokaa achorwe. "Siku hizi vimenenepa nchani. Kiwanda hiki kitanimaliza."

"Nachora ninachokiona, dada. Kupunguza ni uongo."

"Basi nichore na glavu."

"Glavu haina mifupa."

Hester alicheka, akakohoa, akatulia.

Nyumbani kwa kina Overpeck alikuwa hajawahi kuvua glavu, maana mgeni wa kike mwenye adabu havui. Kwa hiyo Jumapili Amos alipowapelekea picha, akiwa na Hester, mama yake Silas aliviona vidole vile kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezika mabinti wawili kwa kifua kikuu. Aliinama karibu. Ncha zimevimba, kucha zimepinda kama mgongo wa kijiko. Amos, kwa ustadi wake wa kulaaniwa, hakuwa ameacha kitu.

"Lydia wangu alikuwa na vidole hivi hivi," mama yule alisema taratibu. "Nimebakiwa na Silas tu, mwanangu. Siwezi. Nisamehe."

Silas aliitazama sakafu, wala hakumtetea mchumba wake.

Wakiwa njiani kurudi, Hester aliuliza, "Ulijua?"

"Tulimpasua msichana mwenye vidole vile. Mapafu yake yalikuwa..."

"Nauliza ulijua lini."

"Siku ya kwanza ulipokaa."

"Na ukaendelea kupaka rangi."

"Sikujua nianzie wapi kukwambia, dada."

"Ukaiambia picha. Kisha wakwe. Mimi nimekuwa wa mwisho, Amos, na kifo ni changu."

Amos alilia pale barabarani, na kilio chake hakikumsaidia mtu. Jumatatu Hester alirudi kiwandani, kwa kuwa hakuwa tena na mume wa kumngoja. Alifuma hadi siku alipokohoa damu juu ya soksi, na msimamizi akamwambia avae koti aende.