Shahidi wa Treni ya Mizigo

Nchi hii ya Oman ilikuwa haina reli hata ya urefu wa mkono, lakini kwetu Ibra, kila Ijumaa baada ya sala, treni ya mizigo ilipita barazani kwangu. Waliipitisha wanaume watano wenye vitambi, wameketi juu ya zulia langu, wanakula tende zangu, na mmoja wao alikuwa mume wangu. Ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kumwombea rehema naweza. Kuisifu treni yake siwezi.

Sisi ni watu wa Tabora. Babu zetu walitoka huku Sharqiyah kwenda kutafuta riziki, na sisi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukarudi katika nchi ambayo wenyewe hatukupata kuiona. Mume wangu alipata kazi ya kuandika barua za Kiingereza katika ofisi ya serikali. Akanunua kiyoyozi, akanunua pikapu, na alipokwisha kushiba akaanza kuugua ugonjwa wa treni. Wenzake walikuwa vile vile: mmoja wa Dodoma, mmoja wa Mwanza, wawili wa Kigoma. Huko bara hakuna hata mmoja wao aliyefanya kazi reli. Walikuwa na maduka. Sukari yao ilipokwama Morogoro siku tatu, niliwasikia kwa masikio yangu wakiitukana treni na mama yake aliyeizaa.

Ibra ndiko walikoanza kuipenda. Walisema wanaipanga. Kila mtu alikuwa stesheni yake, akakaa kwa kufuata njia: wa Dodoma karibu na mlango, mume wangu katikati kwa kuwa Tabora ni katikati, wa Kigoma kule ndani penye mito mizuri. Yule wa Mwanza, kwa sababu reli yake inachepuka Tabora, aliwekwa peke yake upande wa dirishani, jua likimpiga, na jambo hilo hakuwasamehe. Safari ikianza, kila mmoja alitaja kilichopakiwa kwake: karanga, asali na nta, tumbaku, chumvi ya Uvinza, mawese. Anayeruka kituo anazomewa. Baada ya hapo ni ubishi na viapo. Behewa la chumvi lilikuwa la rangi gani? Wallahi jekundu! Wallahi la kahawia! Watu wazima, wana wajukuu, na nje lori zinapita na mizigo ya kweli kwenda Sur, hakuna anayegeuza shingo.

Ukutani mume wangu alitundika kalenda aliyopewa na Mwingereza mmoja ofisini. Ilikuwa na picha ya treni ya kwao Ulaya, injini nyeusi inang'aa, moshi mweupe kama pamba, na mtu ameshika sepetu anatia makaa ya mawe. Mwaka ukaisha, kalenda haikubanduliwa. Miaka ikapita, na picha ile ikawaingia vichwani mpaka ikawa ndiyo kumbukumbu yao. Wakaanza kuitamani harufu ya makaa ya mawe. Mume wangu alikuwa akifumba macho kabisa, anaivuta kwa pua.

Makaa ya mawe gani? Kwenye reli yetu walichoma kuni, kisha, tangu mimi mwari, wakachoma mafuta mazito, meusi. Najua kwa sababu duka letu lilikuwa nyuma ya stesheni, na kanga zangu nilizianika uani. Treni ikipita zinajaa madoa ya masizi yenye mafuta, na madoa yale hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Nilipata kuwaambia hayo mara moja, kutokea mlangoni. Mume wangu alinijibu, "Mama watoto, kahawa."

Hadithi yake kubwa ilikuwa kwamba siku moja dereva wa treni ya mizigo alimpandisha kwenye injini, akaenda naye mpaka Urambo, na yeye ndiye aliyevuta filimbi. Alikuwa akitaja na mwezi, ulikuwa wa mfungo mosi, siku ya pili ya sikukuu. Siku ya pili ya sikukuu ile alikuwa chooni, kwa pilau aliyoifakamia. Maji ya kunywa nilimpelekea mimi. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi mke wake nilikaa jikoni nikilisikiliza likivuma Ijumaa hata Ijumaa.

Basi mdogo wangu wa kiume akaja.

Ni mtoto wa baba yangu kwa mama mwingine, mama wa Kimanyema wa Ujiji. Sura ni ya baba, rangi ni ya mama. Alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye injini za treni za mizigo, kazi ya kuangalia moto. Alikuja Oman na karatasi ya muda, hana pengine pa kwenda, Kiarabu chake ni cha kusalia tu. Mikono yake yote miwili, kutoka viganjani hadi viwikoni, ngozi ilikuwa imekunjamana. Alinieleza jikoni. Kwenye mlima wa kutoka Uvinza moto uligeuka ukatokea mlangoni mwa tanuri. Dereva wake, mzee aliyemfundisha kazi, alimsukuma kando akasimama yeye. Wakamlaza juu ya magunia ya chumvi, maana treni ya mizigo haina pa kumlaza mtu, na hakufika Tabora. Mdogo wangu alilia aliponiambia, na mimi nikalia naye, vitunguu mkononi.

Mtu kama huyu, unadhani watu wanaoipenda treni wangempokeaje? Siku ya kwanza aliingia barazani kwa adabu, "Shikamooni wazee," wakaitikia "Marahaba," wakamwonyesha pa kukaa. Hakupewa nafasi hata karibu na wa Dodoma. Alikaa chini ya wa Dodoma, kwenye viatu. Wakaendelea kubishana juu ya injini, na aliyelala na injini ile miaka kumi na miwili hakuna aliyemwuliza neno.

Alichokuwa akihitaji ni kimoja. Ili apate karatasi za kuwa mwananchi, shekhe wa kabila alitaka wanaume wawili waliomjua huko bara waape kwamba yeye ni mtoto wa baba yetu. Neno langu mimi mwanamke halikutosha. Mume wangu alimjua tangu yuko tumboni, na mmoja wa wale wa Kigoma alihudhuria hata akika yake. Nilipomwomba mume wangu, alijikuna ndevu.

"Jambo la kiapo, mama watoto, si mchezo."

Watu waliokuwa wakila yamini kila Ijumaa kwa rangi ya behewa, ghafla wakamwogopa Mungu! Nilijua wanachoogopa. Waliogopa kuonekana na jamaa wa rangi ile, mbele ya watu wa Ibra waliokuwa wakiwaita hata wao watano Wazanzibari, kama walivyowaita wote waliotoka Afrika, na kuwacheka Kiarabu chao. Nyani haoni kundule. Nilimdharau mume wangu siku ile kuliko siku yoyote, na nilimpakulia wali bila kumtazama usoni. Karatasi ya mdogo wangu ilikuwa imebakiwa na wiki tatu.

Ufumbuzi uliletwa na yule wa Mwanza. Ijumaa iliyofuata, jua lilipomchoma vya kutosha kule dirishani, mume wangu akiwa amefika penye filimbi, alisema kwa sauti, "Wewe hukupanda injini. Nani shahidi wako?"

Mume wangu akaja jikoni, amesawijika kama mtu aliyefiwa.

"Ndugu yako si alikuwa kwenye injini zama zile? Hawezi kusema aliniona?"

Nilifuta mikono yangu taratibu. Nilijua namshika pabaya, na kusema kweli nilifurahi.

"Anaweza," nikamwambia. "Wewe umshuhudie baba yake, yeye akushuhudie filimbi yako."

Aliona haya kidogo, kisha haya ikamwisha. "Khalas, tumekubaliana," akasema.

Mdogo wangu ndiye aliyenisumbua. Alisema hawezi. Alisema mzee wake alikufa pale, juu ya ile injini, na yeye hatamweka mwuza sukari mahali pa marehemu. Nilimkaripia kama mtoto. Nikamwambia mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikamwambia wakikurudisha hutapata hata kaburi karibu na langu. "Useme ndiyo tu," nikamwambia. "Chochote watakachokuuliza, sema ndiyo."

Ijumaa ikafika. Nilisimama nyuma ya pazia. Mume wangu akamwuliza kama kadhi, na mdogo wangu akajibu, "Ndiyo, shemeji. Nilikuwepo. Ulivuta filimbi mara mbili." Hiyo mara mbili aliiongeza mwenyewe. Yule wa Mwanza akainama. Wengine wakapiga makofi, na kwa furaha wakamwuliza ya kalenda: ile harufu, yale makaa ya mawe, si ndivyo? Akaitazama picha ukutani. Akatazama upande wa pazia.

"Makaa ya mawe," akasema. "Ndiyo. Mengi."

Wiki hiyo hiyo mume wangu na yule wa Kigoma walikwenda kwa shekhe wakaapa, na walichoapa huko kilikuwa kweli tupu. Karatasi zikatoka. Nilisujudu sijda ya shukrani hapo hapo jikoni, na nilijiona mwanamke mwerevu kupita wote Ibra. Wale wanaume nilizidi kuwadharau, maana nilikuwa nimeona utu wao unavyopatikana: kwa filimbi.

Mdogo wangu akapata kazi ya kuendesha lori la maji, akaoa, akakaa mtaa wa pili. Barazani alihamishwa kutoka kwenye viatu. Walimpa mto, kisha wakamweka mbele ya wa Dodoma, wakasema yeye ndiye injini. Mwanzo nilidhani anawavumilia. Kila Ijumaa walimwuliza, kila Ijumaa alisema ndiyo, na baadaye hawakuwa na haja ya kumwuliza. Akawa anaanza yeye. Alijua kuiga mlio wa magurudumu kwa vidole juu ya sinia langu. Alieleza jinsi ya kushika sepetu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwanangu mkubwa amerudi kutoka masomoni. Alikaa nao Ijumaa moja, akamwuliza mjomba wake juu ya makovu ya mikono. Nilikuwa naingia na chupa ya kahawa. Mdogo wangu akakunja mikono ya kanzu, akainyoosha mikono yote miwili watu waone, akawasimulia. Mlima wa Uvinza, makaa ya mawe yanawaka kama jua, yeye anatia na kutia mpaka ngozi inababuka, dereva anamwambia wacha na yeye hawachi. Treni ikafika juu. Na dereva? Dereva alishuka Tabora anaimba, akanywa chai ya maziwa, akaagiza na mkate.

Walicheka, mume wangu akajifuta machozi ya kicheko. Mwanangu naye alicheka.

Nilimwita mdogo wangu jikoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee wako alikufa. Uliniambia mwenyewe, umekaa papo hapo. Alikufa juu ya magunia."

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgonjwa anayeuliza habari za mtu asiyemjua.

"Dada, wewe hukuwepo."

"Wewe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Alikunywa chai."

Nilitafuta usoni mwake dalili ya mzaha, hata ya hasira, nisiione. Nikamshika mkono kwenye yale makovu, sijui nilitaka kufanya nini. Akauachia mkono ule kwangu, hakuuvuta.

"Si wewe uliyeniambia niseme ndiyo?" akasema. "Hukuniambia niache lini."

Kule barazani wa Mwanza alikuwa akiita, wanataka kuondoka Tabora na injini haipo. Mdogo wangu akashusha mikono ya kanzu yake, akarudi kwao.