Alasiri Mama Alipopanda Kinga

Juzi mtaani Makomeno niliona parokia ikiwagawia wasichana baiskeli kuukuu za msaada, ili wafike shuleni bila kuchoka. Mmoja wao alianguka, akacheka, akapanda tena. Nikamkumbuka mama yangu.

Nilikuwa mdogo, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na wakimbizi walijaa kambini pembezoni mwa mji. Mama alikuwa mkunga. Mapadri walimpa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, iliyonukia grisi na mpira uliopigwa na jua. Alasiri ile alikuwa akijifunza kuiendesha uani. Shangazi, aliyekuwa akimshikilia, akaniambia, "Na hii kinga, mama yako atafika mbali." Nikadhani anatuhama. Nikang'ang'ania kiti cha kinga, nikalia.

Mara akaja mwanamume mbio kutoka kambini. Mke wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi. Mama akakaza kikwembe chake kiunoni, akapanda, akaanguka. Goti likachubuka. Akapanda tena.

"Niachilie, mama," akanibembeleza, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye. "Bamama beko banazala kule bila musaada. Nitarudia nyumbani."

Nikaachilia. Akaenda akiyumba hadi barabarani, kengele ikilia ovyo, yule mwanamume akikimbia kando yake.

Alirudi jua likikaribia kuzama, akinuka dawa na moshi. "Mutoto iko muzima, na mama yake vilevile," akasema. Akaomba maji ya kuosha goti, kisha akamgeukia Shangazi.

"Kesho asubuhi unishikilie tena hii kinga. Sijajua bado kukata kona."