Safari ya Kavala na Sitti Asiyetulia

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Kwangu feri si utalii; ni foleni, jasho na kuchelewa shule. Kwa hiyo bibi niliyekuwa nikimuuguza Jeddah aliponiambia tunakwenda Kavala, mji wa bandari huko Ugiriki ambako watu hupitia kupanda feri za visiwani, nilimuuliza kama hakuna mahali pengine pa kupumzikia.

"Nani kakwambia naenda kupumzika?" akasema.

Nilimwita Sitti, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa amepita miaka themanini, ana kisukari na magoti mabovu, na nyumba yao ya mtaa wa Al-Rawdah aliizunguka kutwa kwa mkongojo, chumba hadi chumba. Mimi nesi wake nikimfuata. Kabla yake nilifanya kazi miaka miwili hospitalini Riyadh, na sikuwahi kutembea wodini kama nilivyotembea ndani ya nyumba ile.

Mwaka ule hata mimi moyo haukuwa umetulia. Mamangu alikuwa amepasuliwa jicho Mombasa, nikaomba likizo. Mwanawe Sitti, ambaye ndiye bosi na kafili wangu, mwenye kunisainia ruhusa ya kusafiri, akasema, "Baada ya Ramadhani." Ramadhani ikapita, akasema baada ya Haji. Haji nayo ikapita. "Twende kwanza Ugiriki na mama," akasema, "halafu tutaona." Hiyo "tutaona" nililala nayo na kuamka nayo.

Bibi yake Sitti alizaliwa Kavala zamani za Waturuki, akaolewa na karani wa serikali aliyehamishiwa Jeddah, wala hakurudi tena kwao. Alimwachia mjukuu wake maneno machache ya Kituruki na habari za nyumba moja: iko mlimani, karibu na daraja refu la maji lenye matao, na dirisha la jikoni linaonyesha meli zikiingia. Sitti alitaka kuiona nyumba hiyo. Hakutaka kingine.

Hoteli ilikuwa mkabala na bandari. Bosi aliketi roshani, simu sikioni, akigombana na ofisi yake ya Riyadh. Sitti alikaa dakika mbili tu, akagonga mkongojo sakafuni. "Yalla, twende."

Matao tuliyaona mara moja, marefu kuliko nyumba, magari yakipita chini yake. Lakini mji wa kale umeng'ang'ania mlima, na vichochoro vyake vingi ni ngazi za mawe. Kiti cha magurudumu tulichokuja nacho tukakiacha kwa muuza matunda. Sitti akapanda akiniegemea, akisimama kila mlango.

"Si huu."

Tunapanda tena.

"Na huu sio."

Karibu na kilele tukamkuta mama mmoja mzee akifagia kizingiti chake. Sitti akamsemesha kwa Kiarabu, akachomeka yale maneno yake ya Kituruki. Yule mama akajibu kwa Kigiriki. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na hakuna aliyenyamaza. Tukakaribishwa jikoni, tukaletewa maji baridi na matunda mekundu yaliyopikwa kwa sukari mpaka yakawa kama asali.

"Sitti, sukari yako," nikasema.

"Sukari yangu naijua." Akala yote.

Kisha akanyanyuka hadi dirishani. Nje kulikuwa na ukuta wa jirani na kamba ya nguo. Akatazama kwa muda mrefu, akashukuru, tukatoka. Kwenye ngazi akasema, "Si hii."

Siku ya tatu bosi alisema tungerudi mapema, ana kikao Riyadh. Alipoingia chumbani kuongea na watu wake, Sitti akanivuta mkono.

"Tupande feri."

"Twende wapi?"

"Popote iendako. Kule juu nahangaika na mlango mmoja mmoja. Kutoka baharini nitayaona madirisha yote."

Ningepaswa kukataa. Nesi mwenye akili angekataa. Lakini miguu yangu yenyewe ilikuwa ikiwasha kwa kukaa, nikachukua mfuko wa dawa, tukavuka barabara.

Feri ilipoondoka, Sitti alisimama nyuma ameshika chuma. Mji ukajipanga mbele yetu, paa juu ya paa, ngome kileleni. Akaanza kuonyesha kwa kidole. "Ile ya njano. Hapana, ile iliyo chini yake." Kidole kikahama, kikahama tena. Nyumba zikazidi kuwa ndogo hata asiweze kutofautisha.

"Basi ni mojawapo," akasema, akaketi. Punde akasinzia begani mwangu. Tangu tufike hakuwa amelala mchana hata mara moja.

Simu yangu ikalia. "Mko wapi?"

"Ndani ya feri, bosi."

"Feri gani?"

Nilipotaja kisiwa alipiga kelele hata abiria wakageuka. Tulipofika ng'ambo nilimpima Sitti sukari, nikamlisha mkate na samaki wa kuchoma, tukangoja feri ya kurudi. Yeye alitulia kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda na kurudi gatini, nikipanga maneno ya kujitetea.

Bosi alikuwa amesimama bandarini na kile kiti cha magurudumu. Akambusu mamake kichwani, akamketisha, kisha akanigeukia.

"Halas, yameisha. Wewe utakwenda kwenu."

Nikajua nimefukuzwa. Nilifungasha nikilia, tukarudi Jeddah. Wiki iliyofuata ruhusa yangu ya likizo ikatoka: miezi miwili, ya kwenda na kurudi. Nilikwenda kumshukuru bosi. "Mshukuru mama," akanijibu bila kunitazama. "Amekataa dawa mpaka nisaini."

Nikafika Likoni. Jicho la mama lilikuwa limepona vizuri. Aliniona nikiwa mbali, kwenye kona ya msikiti. Wiki ya kwanza nilipaka rangi kuta. Ya pili nikahamisha makabati. Ya tatu nikaanza kuuliza bei za ndege, naye mama alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele.

"Mwanangu," akasema, "umerudi au unapita?"

Nikamwambia sijui. Nikaketi, nikachukua upande wa sinia uliokuwa bado na mawe, nikachambua naye.