Viatu Vyeupe vya Chepkurui

Binti yangu wa mwisho, Chepkurui, alijifunza kuendesha baiskeli kwa ile nyeusi ya marehemu baba yake. Kila asubuhi alipeleka maziwa Litein, kisha akarudi kwenye kituo cha kununulia chai, ambako mpaka leo ndiye anayepima majani. Mtu aliyezoea kupanda milima yetu na mitungi miwili ya maziwa nyuma yake hatishwi na mlima. Siku moja kocha Gichana, anayefundisha kikundi cha waendeshaji baiskeli za mbio kule Kericho, alikuwa akipanda na baiskeli yake nyembamba, akasikia kengele nyuma. Alikuwa ni Chepkurui akiomba njia.

Kocha akamfuata mpaka nyumbani. Kikundi chake kilitafuta msichana mmoja wa kwenda kushindana Uganda. Sasa walikuwa wawili, Chepkurui na mwingine wa Silibwet, na mmoja angechaguliwa kwa majaribio ya Jumamosi, wiki mbili mbele. Baiskeli angeazimwa. Viatu angejitafutia mwenyewe.

Viatu hivyo si raba. Soli yake ni ngumu kama ubao, na chini yake kuna kidude cha plastiki kinachonasa kwenye pedali, hata mguu na baiskeli vikawa kitu kimoja. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwa nje, na pedali inakuachia.

Tulianza kwa Jackton, muuza viatu vya mitumba pale soko la Litein. Ni mtu wa upande wa ziwani, alikuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai na hakurudi. Alikuwa na jozi moja ya aina hiyo, nyeusi, imekwaruzika vidoleni.

"Mwalimu, karibu. Leo umeniletea mteja anayejua kazi," aliniambia. Akamketisha Chepkurui juu ya gunia, akamvisha, akashika ncha ya kiatu kwa mikono yote miwili. "Zungusha kisigino. Tena. Umeona? Kiatu kimekufuata. Hiki kinakufaa. Kisigino kikizunguka peke yake ndani, pedali haina habari. Utaanguka kama gunia la viazi."

"Mama, ni kama vilishonewa mguu wangu," Chepkurui alisema.

Wakati huo Eucabeth, ambaye tunakaa naye benchi moja kanisani, alikuwa akipita na kikapu chake. Akasimama. "Mwalimu! Kumbe hata nyinyi siku hizi mnainama huku kwetu chini?" Akacheka, na wauzaji wa jirani wakacheka naye.

Msomaji anielewe. Siku tuliyomzika mume wangu, nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema, wakiwa na sahani zangu mikononi, kwamba sasa nyumba hii itashuka. Ni miaka sita. Kwa miaka hiyo sita hakuna mtoto wangu aliyeonekana na sare iliyopauka wala kiatu kilichovaliwa na mtu mwingine. Niliona hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa.

"Vua," nilimwambia binti yangu.

"Lakini Mama..."

"Vua, twende."

Jackton alivipokea polepole. "Mwalimu, usikasirike. Mahali popote utakaponunua, mwache yeye ndiye aseme. Hivi si gambuti za mpira za kuendea shambani."

"Jackton, nimefundisha miaka thelathini na moja. Sijafika mahali pa kufundishwa kununua viatu."

Kesho yake tulikwenda Kericho, kwenye duka linalouza vitu vya baiskeli. Niliviona kutoka mlangoni: vyeupe, vipya, ndani ya sanduku lao. Mguu wa Chepkurui ni namba arobaini, na namba arobaini ilikuwepo. Nilichukua arobaini na mbili.

Huku kwetu hakuna mtu anayenunua gambuti ya kumkaa sawasawa. Umande wa shamba la chai ni baridi mpaka mfupani, kwa hiyo unaacha nafasi ya soksi mbili. Kiatu cha shule ni hivyo hivyo. Nilinunuliwa hivyo na mama yangu, nikanunulia wanangu hivyo, na sikuwaza mara mbili.

"Mama, kisigino kinaelea," Chepkurui alisema.

"Utavaa soksi nzito. Kiatu kinachobana ni cha mtu asiyeona mbali."

Hakubishana tena. Nilimlea asibishane na mimi mbele ya watu.

Siku zote za mazoezi sikumwuliza lolote, naye hakuniambia. Baadaye ndipo jirani aliponieleza kwamba alimwona akishika uzio wetu kila aliporudi, akivuta mguu utoke ndani ya kiatu, na kiatu kikibaki kwenye pedali.

Jumamosi ilipofika, nilivaa kofia yangu ya kanisani nikasimama pale Litein ambapo waendeshaji walitakiwa kusimama, kukanyaga chini, kugeuza baiskeli na kurudi. Chepkurui alitokea wa kwanza. Yule wa Silibwet hakuonekana hata kwenye kona. Watu walipiga makofi, na Eucabeth alikuwa miongoni mwao. Nikasema moyoni, waangalie sasa.

Alifika kwenye alama, akapunguza mwendo, akazungusha kisigino. Niliona mguu ukigeuka. Kiatu hakikugeuka. Akajaribu tena, baiskeli ikasimama kabisa, na mtoto wangu akaanguka ubavu, mkono wake wa kulia chini yake. Hata wakati huo viatu vyeupe havikuachia pedali.

Kocha Gichana alimfungua, akakishika kiatu, akapenyeza vidole vitatu nyuma ya kisigino. "Nani alichagua hivi?"

Eucabeth akasema, "Si walikuwa kwa Jackton juzi? Mitumba hiyo!"

Jackton alikuwepo. Aliniangalia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Nilitengeneza kofia yangu.

"Jackton hayumo," Chepkurui alisema kutoka pale chini, mkono ukiwa umeshaanza kuvimba. "Nilichagua mwenyewe. Nilitaka vikubwa."

Kocha alitikisa kichwa. "Mkono utapona kabla ya safari. Lakini mtu anayekuja kwenye mtihani na viatu asivyovijua, nitampeleka wapi?" Akaandika jina la msichana wa Silibwet.

Daktari alisema mfupa umepasuka kidogo, utapona kwa wiki sita. Nilivumilia wiki tatu nikimwona akipima majani kwa mkono mmoja, wakulima wakimtania, "Chepkurui, kwani leo umevaa namba ngapi?" Naye akicheka pamoja nao. Wiki ya nne nilipanda gari mpaka Kericho.

Nilimweleza kocha yote, duka, namba na soksi. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Ungesema siku ile, Mwalimu," alisema. "Siku ile kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu. Sasa majina yamekwenda."

Niliporudi, nilimwambia Chepkurui nilikotoka. Nilidhani atalia, au atanishukuru. Aliweka chini kitabu cha kuandikia kilo za wakulima.

"Ulimwambia kwamba si mimi niliyechagua?"

"Nilimwambia ukweli."

"Mimi nilikuwa nimeshasema mbele ya soko zima, Mama. Nilisema ili usiaibike." Sauti yake haikupanda. "Nilimwomba kocha anijaribu tena mwaka ujao, akakubali. Aliniambia, angalau wewe ni mtu wa kukubali kosa lako. Sasa ananijua kama mwongo."

Akachukua kitabu chake, akatoka kwenda kituoni, kwa sababu wakulima walikuwa wameshapanga foleni na majani hayangojei.